Makundi 13 na Maswali Mawili: Nani Anapata Elimu Maalumu Marekani

Chukua watoto wawili. Wa kwanza aligongwa na pikipiki Goma akiwa na miaka sita, akazimia, akapata jeraha la kichwa. Wa pili aliugua malaria akiwa kambini Nyarugusu, ikampanda kichwani, akaingia degedege na kupoteza fahamu. Leo wote wawili wako darasa la nne katika shule moja ya Marekani. Wote husahau jioni walichofundishwa asubuhi, huchoka upesi, na maneno huwapotea katikati ya sentensi.

Kwa maneno ya kanuni za shirikisho kuhusu elimu maalumu, wa kwanza anaweza kuingia kundi la jeraha la ubongo, mojawapo ya makundi 13 ya ulemavu yanayofungua mlango wa elimu hiyo. Wa pili hawezi, kwa kuwa kundi hilo limefafanuliwa kuwa ni jeraha lililosababishwa na nguvu kutoka nje ya mwili. Vimelea vya malaria havihesabiki. Yapo majimbo yaliyopanua maana hiyo, lakini penye kufuata maneno yale yale ya shirikisho, timu ya shule iliyozoea kutazama boksi moja tu itaandika kwamba mtoto hastahili. Kumbe njia ilikuwepo, katika kundi la udhaifu mwingine wa kiafya, ambalo halijali ugonjwa ulitoka wapi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo kwa sehemu kubwa. Mtoto yule yule, shida ile ile, jibu linabadilika kwa kutegemea ni mlango gani uligongwa. Mzazi anayetoka Kigoma, Bukavu au Mombasa akaketi kwenye kikao cha shule Marekani bila kujua milango iliyopo, atasikia neno la mwisho tu: anastahili, au hastahili.

Sheria inayotawala haya huitwa IDEA, yaani Sheria ya Elimu kwa Watu Wenye Ulemavu. Ilianza kama Sheria ya Umma 94-142, ikatiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975. Jina la sasa ilipewa mwaka 1990, mwaka ambao usonji na jeraha la ubongo viliingizwa kama makundi ya kujitegemea, na marekebisho yake makubwa ya mwisho ni ya 2004. Inahusu watoto wa miaka 3 hadi 21. Walio chini ya miaka 3 wana utaratibu wao mwingine, wenye vigezo vyake. Katika mwaka wa shule 2022–23 wanafunzi waliohudumiwa chini ya sheria hii walikuwa kiasi cha milioni 7.5, yaani mwanafunzi mmoja kati ya kila saba hivi katika shule za umma.

Makundi yenyewe

Yako 13. Kuna usonji, uziwi, usikivu hafifu, uziwi na upofu kwa pamoja, ulemavu wa kuona, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili, ulemavu wa aina nyingi, matatizo ya usemi au lugha, matatizo ya kihisia, jeraha la ubongo, ulemavu mahususi wa kujifunza, na lile la udhaifu mwingine wa kiafya. Jimbo likipenda, linaweza kuongeza la kumi na nne, kuchelewa kwa makuzi, kwa watoto wa miaka 3 hadi 9 au sehemu ya umri huo.

Hayalingani hata kidogo kwa ukubwa. Ulemavu mahususi wa kujifunza peke yake hubeba karibu theluthi ya wanafunzi wote wa elimu maalumu, wakati kundi la uziwi na upofu kwa pamoja halifikii hata asilimia moja. Hayalingani pia kwa namna yanavyothibitishwa. Uziwi huonekana kwenye mchoro wa kipimo cha masikio. Matatizo ya kihisia huthibitishwa kwa maneno ya watu wazima kuhusu mtoto, na watu wazima huona wanachokitazamia.

Kuingia kwenye kundi ni swali la kwanza tu. La pili ni hili: je, kwa sababu ya ulemavu huo, mtoto anahitaji elimu maalumu? Kati ya maswali hayo mawili kuna kigezo kinachojirudia katika maelezo ya karibu kila kundi, kwamba hali hiyo iwe inaathiri vibaya maendeleo yake ya elimu.

Elimu maalumu hapa haina maana ya msaada wa aina yoyote. Ni ufundishaji uliobuniwa kwa ajili ya mtoto huyo, ambao maudhui, mbinu au namna ya kufikisha somo vimebadilishwa. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, anayesoma vizuri na anachohitaji ni njia ya mteremko mlangoni na basi lenye lifti, ana ulemavu wa viungo bila ubishi, ila swali la pili linamtoa. Huyo atahudumiwa chini ya sheria nyingine, Kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji (Rehabilitation Act) ya mwaka 1973, ambacho hakina orodha ya makundi. Chenyewe huuliza kama hali ya mtu inazuia kwa kiasi kikubwa jambo kuu la maisha, kama kutembea, kuona, kusoma au kupumua.

Mtoto mwenye ualbino anaonyesha mpaka huo vizuri. Ulemavu wa kuona, kwa kanuni za shirikisho, ni ule unaobaki na kuathiri elimu hata baada ya miwani, na unajumuisha uoni hafifu pamoja na upofu kamili. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kawaida si gumu kwake. Kwenye la pili shule inaweza kusema: tutamweka mbele, tutamchapia maandishi makubwa, tutafunga mapazia, basi. Hayo ni marekebisho, na mpango wa 504 unayatosheleza. Lakini kama anahitaji kufundishwa kutumia darubini ndogo ya mkononi, kusoma Breli kwa sababu macho yanachoka baada ya kurasa mbili, au kutembea salama kwenye makutano ya barabara, hapo kuna ufundishaji, na mlango wa elimu maalumu unafunguka. Kwa hiyo mzazi aeleze kikaoni ni nini mtoto anapaswa *kufundishwa*. Orodha ya vitu anavyopaswa kupewa haitoshi.

Jambo moja zaidi kabla ya kwenda mbele, kwa kuwa husemwa vibaya mara nyingi: mtoto hahitaji kufeli kwanza. Kanuni zinasema wazi kwamba haki ya elimu maalumu ipo hata kwa anayepanda darasa mwaka baada ya mwaka. Shule ikijibu “lakini anapata C”, hiyo ni taarifa mojawapo ya kuweka mezani, haiwezi kuwa hukumu.

Kundi kubwa kuliko yote, na pengo lililowaponza wengi

Ulemavu mahususi wa kujifunza hutazamwa katika maeneo manane: kujieleza kwa mdomo, kuelewa unaposikiliza, kuandika, stadi za msingi za kusoma, ufasaha wa kusoma, kuelewa unachosoma, kukokotoa, na kutatua mafumbo ya hisabati. Mtoto akiwa nyuma sana katika eneo hata moja, na sababu isiwe nyingine, anaweza kuingia.

Kwa miaka mingi njia iliyotawala ilikuwa kutafuta pengo. Mtoto hupewa kipimo cha akili, kwa kawaida kimojawapo cha familia ya Wechsler, ambacho wastani wake ni 100, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni pointi 15. Halafu hupewa kipimo cha kusoma au hisabati chenye kipimio kile kile. Akili 102, kusoma 78: pengo ni pointi 24. Baadhi ya majimbo yaliweka mpaka kwenye mkengeuko mmoja na nusu, yaani pointi 22 au 23, kwa hiyo huyu angeingia.

Njia hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, mtoto wa darasa la kwanza hajapata muda wa kuachwa mbali, hivyo pengo halijapanuka. Walimu husubiri mpaka darasa la tatu au la nne, naye wakati huo ameshajiona mjinga. Ya pili inawahusu moja kwa moja watoto wetu. Sehemu kubwa ya kipimo cha akili ni maneno: eleza maana ya hili, hivi viwili vinafanana vipi. Mtoto anayejifunza Kiingereza hushuka hapo. Akili yake inaandikwa 80, kusoma kwake 76, pengo pointi 4. Karatasi inasema hana ulemavu wa kujifunza, ni mzito tu. Uhaba wa Kiingereza chake umeficha shida yake ya kusoma.

Tangu 2004 hakuna jimbo linaloruhusiwa kuzilazimisha shule zitumie pengo hilo, na kila jimbo lazima liruhusu njia inayotazama jinsi mtoto anavyoitikia mafundisho ya ziada. Anapewa kikundi kidogo cha kusoma, dakika 30 mara kadhaa kwa wiki, anapimwa mara kwa mara, na mstari wa maendeleo yake unachorwa. Asipopanda licha ya mafundisho mazuri, hiyo ni dalili. Ni njia bora kuliko ya pengo, kwa maoni yangu, ila nayo ina shimo lake. Shule huigeuza foleni: kikundi cha kwanza wiki nane, kisha cha pili wiki kumi, kisha likizo, kisha mwalimu mpya. Idara ya Elimu ya shirikisho iliandikia majimbo Januari 2011 ikisema utaratibu huo hauwezi kutumiwa kuchelewesha wala kukataa tathmini. Mzazi anaweza kuomba tathmini wakati mtoto yuko kwenye kikundi. Mambo hayo mawili huenda pamoja.

Kundi hili lina masharti ambayo mengine hayana. Lazima mtoto aangaliwe darasani wakati wa kujifunza, na kila mjumbe wa timu athibitishe kwa maandishi kama ripoti inaeleza uamuzi wake. Asiyekubaliana huweka maelezo yake kando. Lazima pia sababu nyingine zitengwe: kutoona au kutosikia, ulemavu wa akili, matatizo ya kihisia, mazingira ya utamaduni, umaskini, na kutojua Kiingereza vya kutosha.

Lugha

Sharti hilo la mwisho halikai kwenye kundi moja tu. Kwa makundi yote, timu haitakiwi kumtangaza mtoto kuwa na ulemavu ikiwa kinachoamua ni kukosa mafundisho mazuri ya kusoma au hisabati, au kutojua Kiingereza. Limeandikwa kumlinda mtoto, na lina historia. Mwaka 1970, katika kesi ya Diana huko California, watoto tisa wanaozungumza Kihispania walikuwa wamewekwa kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili kwa vipimo vya Kiingereza. Mapatano yaliyofikiwa yaliitaka shule ipime kwa lugha ya nyumbani. Kesi ya Larry P., iliyoamuliwa 1979 katika jimbo hilo hilo, ilizuia vipimo vya akili kutumiwa kuwaweka watoto Weusi kwenye madarasa ya aina hiyo.

Ila ngao hiyo hiyo hugeuzwa ukuta. “Tusubiri kwanza ajue Kiingereza, miaka miwili hivi.” Hakuna mahali sheria inasema tusubiri. Inachosema ni kwamba vipimo vitolewe kwa lugha ya mtoto na kwa namna inayoweza kuonyesha anachokijua, isipokuwa pale ambapo hilo haliwezekani kabisa. Mtoto mwenye usonji ana usonji kwa Kiswahili, kwa Kibembe na kwa Kiingereza.

Swali linalokata shauri ni hili: je, shida ipo pia katika lugha anayoijua vizuri? Kiswahili hapa kinasaidia sana, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyesoma mpaka darasa la tatu Kigoma au Kakuma kwa vitabu vya Kiswahili, mpe ukurasa asome. Akisoma kwa mtiririko kisha akakwama kwenye Kiingereza, ambacho tahajia yake ni fumbo hata kwa wenyewe, huenda hana ulemavu wa kusoma hata chembe. Akiwa alihudhuria shule miaka miwili mitatu mfululizo na bado hawezi kuunganisha *ba, be, bi, bo, bu* kuwa neno, hiyo ni habari nzito, na iandikwe kwenye ripoti. Wazazi wengi hawaisemi kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Kwenye usemi mitego ni midogo midogo. Silabi za Kiswahili huishia na irabu karibu zote, basi mtoto akisema *deski* badala ya kukata neno kwenye konsonanti, hiyo ni lafudhi. Kubadilishana *r* na *l* ni kawaida kwa wanaotoka kwenye lugha kadhaa za Kibantu. Kigugumizi hakihusiani na lafudhi. Kikiwepo, kinaonekana katika lugha zote.

Mtego mwingine wanauweka wakalimani wenyewe. Mtoto wa Lubumbashi au Nairobi akisema “kitabu yangu”, hajakosea lugha ya kwao. Ndivyo watu wazima wa mtaani kwake wanavyosema. Mkalimani wa Unguja aliyelelewa na “kitabu changu” anaweza kumwambia mtaalamu wa usemi kwamba mtoto hafuati upatanisho wa sarufi, na sentensi hiyo ikaingia kwenye ripoti kama dalili ya tatizo la lugha. Dawa yake ni kuuliza: watu wa nyumbani kwake husemaje? Nduguze walianza kusema umri gani, naye je? Akitumwa vitu viwili kwa pamoja, “kalete sufuria na umwite dada”, analeta vyote viwili?

Kipimo chenyewe nacho hakitafsiriki kirahisi. Vipimo vingi vya shule za Marekani vilisanifiwa kwa watoto waliokulia Marekani. Mkalimani akitafsiri maswali papo kwa papo, alama inayotoka haiwezi kulinganishwa na jedwali la kawaida: neno lililo gumu kwa Kiingereza linaweza kuwa rahisi kwa Kiswahili, na kinyume chake. Mwanasaikolojia makini ataandika hivyo kwenye ripoti, atatumia kipimo kisichotegemea maneno, kama Leiter, na atayapa uzito mahojiano ya mzazi. Ripoti yenye alama tu, isiyotaja mkalimani wala lugha iliyotumika, ni ya kutiliwa shaka.

Majina yanayoogopwa

Kwenye vikao hivi mkalimani hubeba mzigo mkubwa, na Kiswahili chetu hakijamrahisishia. “Mtindio wa ubongo” kwa Mtanzania mmoja ni ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo kuathirika tangu utotoni. Kwa mwingine ni mtoto asiyejiweza akili. Kwenye fomu ya shule hayo ni makundi mawili tofauti, la viungo na la akili, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na akili timamu kabisa. Vilevile “ulemavu wa akili” na “ugonjwa wa akili” hubadilishana midomoni mwa watu. Cha kwanza hutazamwa kwenye kundi la akili, cha pili kwenye kundi la kihisia. Mkalimani akivichanganya, mzazi anaweza kukataa kutia saini kwa kudhani mwanawe ameitwa kichaa.

Kundi la ulemavu wa akili lina miguu mitatu, na wote lazima wawepo: akili iliyo chini sana ya wastani (kwa kawaida alama ya 70 au chini), upungufu katika stadi za maisha ya kila siku, na vyote viwe vilianza katika kipindi cha makuzi. Mguu wa pili hupimwa kwa dodoso anazojibu mzazi na mwalimu, na humo ndimo wazazi wetu hupoteza alama za watoto wao bila kujua. Dodoso huuliza kuhusu mambo ambayo mtoto mgeni huenda hajawahi kupewa nafasi ya kuyafanya. Mama akijibu “hapana, hapana, hapana”, matokeo yanashuka. Kumbe binti huyo wa miaka kumi anasonga ugali, anabeba mdogo wake mgongoni, anakwenda dukani na kurudi na chenji kamili. Yasemwe hayo, kwa mifano, kabla dodoso halijafungwa. Na kama hayafanyi, akiwa amepata nafasi sawa na nduguze, hilo nalo lisemwe bila haya.

Jina hili lina uzito wa baadaye pia. Mtihani mbadala wa jimbo umewekwa kwa wanafunzi wachache wenye ulemavu mkubwa zaidi wa akili, na shule inapaswa kumweleza mzazi kama kuufanya kunaweza kuathiri njia ya kupata cheti cha kawaida cha sekondari. Mtoto hawezi kupelekwa huko kwa sababu tu ya jina la kundi lake. Uliza swali hilo kikaoni, na jibu liandikwe.

Matatizo ya kihisia ni kundi lenye maneno mengi ya kupimia: hali iwe ya muda mrefu, iwe ya kiwango kikubwa, na ionekane katika angalau moja ya sura tano, zikiwemo kushindwa kujenga uhusiano na wenzake, huzuni isiyokwisha, na hofu au maumivu ya mwili yanayotokana na mambo ya shule au ya nafsi. Watoto waliokimbia vita huweza kuonekana hapa, lakini kwa kimya chao huchelewa kuonekana. Anayepindua meza hupimwa haraka kuliko anayekaa pembeni bila neno mwezi mzima. Maelezo ya kundi yanawatoa walio na “utovu wa kijamii” peke yake, bila ya tatizo la kihisia. Hakuna ufafanuzi wa shirikisho wa maneno hayo, kwa hiyo shule mbili zinaweza kumtazama kijana mmoja na kutoa majibu mawili.

Udhaifu mwingine wa kiafya, kwa upande mwingine, ni kundi jepesi kulikubali na pana kuliko wengi wanavyojua. Linahusu ugonjwa wa muda mrefu au wa ghafla unaopunguza nguvu, uchangamfu au umakini wa mtoto. Kanuni zinataja kwa majina pumu, kisukari, kifafa, tatizo la umakini na utukutu wa kupindukia, na seli mundu. Seli mundu, ndiyo. Mtoto anayekosa wiki mbili kila muhula kwa maumivu ya mifupa, na kurudi akiwa amechoka, hana haja ya “kuonekana mlemavu”. Anahitaji daftari la mahudhurio, barua ya kliniki, na maelezo ya mwalimu kuhusu mafundisho aliyoyakosa na jinsi yatakavyofidiwa.

Karatasi na siku

Utaratibu wenyewe mfupi kuliko unavyosikika. Mzazi anaandika barua, yenye tarehe, akiomba tathmini kamili ya elimu maalumu katika maeneo yote yanayoshukiwa, na kutaja anachokiona: “hawezi kukumbuka herufi”, “haitikii akiitwa jina”. Maneno ya mdomo kwa mwalimu hayana tarehe. Barua ina faida nyingine iliyojificha: mtoto akipata kesi ya nidhamu baadaye, kabla hajathibitishwa, wasiwasi ambao mzazi alikuwa ameuandikia uongozi wa shule au mwalimu wake unaweza kumpa kinga zile zile za mwanafunzi wa elimu maalumu.

Shule ikikubali, inaomba ridhaa kwa maandishi. Ikikataa, lazima ieleze sababu kwa maandishi, kwa lugha ya mzazi inapowezekana. Ridhaa ikishatolewa, tathmini ikamilike ndani ya siku 60, au muda uliowekwa na jimbo. Texas, kwa mfano, huhesabu siku 45 za shule. Hesabu huanza siku ya ridhaa, kwa hiyo fomu inayokaa wiki tatu ndani ya begi la mtoto imekula wiki tatu. Ridhaa hiyo ni ya kupima tu; ya kuanza huduma ni nyingine, na huwezi kufungwa na ya kwanza.

Shule ikisema inahitaji cheti cha daktari ili iamue, gharama ya uchunguzi huo ni yake, haimwangukii mzazi. Na cheti cha daktari peke yake hakitoshi kumwingiza mtoto: hospitali inathibitisha usonji, shule bado itauliza unaathiri vipi elimu yake. Hapo ndipo hasira nyingi huzaliwa.

Uamuzi hutolewa na timu ambayo mzazi ni mjumbe wake. Hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuamua. Nakala ya ripoti ni bure; iombe kabla ya kikao, siku kadhaa kabla, pamoja na mkalimani. Usipokubaliana na tathmini, unaweza kuomba tathmini huru kwa gharama ya shule, nayo ama ilipe ama ipeleke shauri kusikilizwa ili kutetea ya kwake. Mtoto akithibitishwa, kikao cha kuandika mpango wake binafsi wa elimu, ule unaoitwa IEP, hufanyika ndani ya siku 30.

Kwenye IEP ndiko jina la kundi linapopoteza nguvu yake, au linapopaswa kuipoteza. Huduma hufuata mahitaji. Mwenye kundi la usemi anaweza kupata msaada wa hisabati. Mwenye usonji anaweza kukaa darasa la kawaida siku nzima. Shule ikisema “hiyo huduma ni ya watoto wa usonji tu”, imekosea. Sheria yenyewe inasema haimlazimishi mtu kuainisha watoto kwa aina ya ulemavu, ilimradi kila anayestahili anahudumiwa, na Iowa imefuata njia hiyo: huko mtoto hutangazwa tu kuwa anastahili, bila kupewa kundi. Sioni kwa nini majimbo mengine yasijifunze. Vizuizi vya mlangoni vinaweza pia kuwa vya namba tupu: Texas, kuanzia 2004, ilizipima wilaya za shule kwa lengo la asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu, na 2018 serikali ya shirikisho ikatamka kwamba jimbo lilivunja sheria.

Kundi halidumu milele. Mtoto hutathminiwa upya angalau kila miaka mitatu, isipokuwa mzazi na shule wakikubaliana si lazima. Mwenye “kuchelewa kwa makuzi” ajiandae mapema, kwa sababu kundi hilo lina ukomo wa umri, na jimbo linaweza kuuweka chini ya miaka 9. Kabla hajaufikia, apimwe tena na kuingia kundi jingine, la sivyo anaweza kujikuta nje ilhali shida haijaondoka. Shule haiwezi kumtoa bila kumtathmini kwanza, ukiacha anayehitimu kwa cheti cha kawaida au anayevuka umri.

Na kuna kuhama. Familia nyingi za wakimbizi hufika jimbo moja, kisha huhamia kwingine kufuata ndugu, kazi au kodi nafuu. Jimbo jipya halifungwi na kundi la zamani. Linaweza kupima upya kwa vigezo vyake, ila mpaka limalize lazima limpe mtoto huduma zinazolingana na zile alizokuwa nazo. Faili hutembea polepole kuliko familia. Kwa hiyo siku ya kuondoka, kabla ya kufunga mizigo, mzazi achukue kwa mkono wake IEP ya mwisho, ripoti nzima ya tathmini pamoja na kurasa za alama, na barua ya ridhaa aliyotia saini, na siku ya kuandikisha shule mpya aweke nakala mezani, yeye akibaki na karatasi za asili.